Singo ya Bi Mwatum

Khairat alitapika tena, na safari hii hakuliwahi beseni. Wali wote aliolishwa ulirudi juu ya mkeka mpya, mkeka ulionunuliwa kwa ajili yake. Bi Mwatum akamshika shingo kwa nyuma, si kwa huruma, bali kama mtu anavyomshika paka aliyemkuta na kitoweo.

"Umemaliza?"

"Bado," alisema Khairat.

"Maliza basi. Mie nimeitwa kusinga, sikuitwa kukosha mikeka."

Msichana alifuta mdomo kwa pindo la kanga, akalala ubavu huku magoti yamefika kifuani. Uso wake ulikuwa wa manjano kwa singo, na pale singo ilipopukutika ulikuwa wa kijivu. Mwari aliyewekwa ndani hutakiwa anenepe. Huyu alikuwa akipungua watu wakimwona, na hilo ndilo lililomkera Bi Mwatum kuliko matapishi yenyewe. Siku ya kutolewa nje hakuna atakayesema mama yake hakumlisha. Watasema, somo gani huyu.

Ulimi wake ulikuwa mkali tangu ujana, na umri haukumpunguzia kitu. Ulimwongezea sababu tu. Alikaa Jang'ombe, chumba kimoja na kiwanja kidogo cha nyuma, mjane, miguu imemvimba, na hakuwa na kitu duniani cha kumfanya apishwe njia isipokuwa kazi yake. Alikuwa somo. Msichana akikaribia kuolewa huwekwa ndani wiki nzima, jua lisimguse, na Bi Mwatum humsinga asubuhi na jioni: humpaka singo kuanzia nyayo mpaka nyuma ya masikio, ikauke, aipukute kwa viganja, ampake tena. Mwari wa Bi Mwatum haogi mpaka siku ya nikaha. Haendi jikoni. Wala hainui mkono kujilisha. Somo humkatia tonge akamtia mdomoni, kwa sababu huo ndio wakati wa mwisho maishani mwake kulishwa na mtu, na baada ya hapo atalisha wengine mpaka afe. Masomo wengine walikuwa washaacha mambo haya. Wanakuja saa moja, wanapaka, wanaondoka. Bi Mwatum aliwadharau wote, na zaidi alimdharau Nassra, ambaye alikuwa akitia singo ndani ya vikopo vya plastiki na kuwauzia watalii.

Singo yake haikufanana na ya Nassra wala ya mtu yeyote. Ilikuwa na waridi, asumini, mrehani, mlangilangi, karafuu kidogo, liwa ya mti wa kunukia iliyosagwa juu ya jiwe, na kitu kingine kimoja ambacho bibi yake alimfundisha akiwa amefunga mlango. Hicho hakukitaja kwa mtu. Kwa hicho singo yake ilishika mwili ikakauka kama ngozi ya pili, na ikipukutwa, mwili ulibaki uking'aa hata kwenye mwanga wa kibatari.

Na siku ya kwanza tu, hapa hapa kwenye ghorofa hii ya Michenzani, msichana huyu alimuuliza.

"Samahani Bi Mwatum, ndani ya singo mna nini?"

Mkono wa Bi Mwatum ulisimama juu ya bega la mwari. Katika miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, achilia mbali mtoto aliyevuliwa nguo na kukaa juu ya mkeka.

"Mna maua."

"Maua tu? Hamna unga?"

"Mie natengeneza singo, sipiki mandazi."

"Nauliza kwa sababu ya maradhi yangu. Mama kakwambia?"

Mama yake, Bi Kazija, alikuwa kamwambia kweli, mlangoni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mwenzake aibu ya ukoo. Mtoto hali ngano. Si mkate, si chapati, si sambusa, si tambi. Ndani ya ngano kuna kitu, wataalamu wanakiita gluteni, na kikifika tumboni mwake kinamchana utumbo. Alipimwa mwaka wa pili wa chuo, Tunguu, baada ya kuanguka darasani. Bi Mwatum alisikiliza mpaka mwisho, akabetua midomo. Maradhi ya wasomi. Bibi yake hakuyajua, mama yake hakuyajua, na wote walizikwa wakiwa na meno yao.

Lakini chakula ni chakula, na kwenye chakula alifuata alichoambiwa. Kilichomtoa roho ni ule mfuko. Khairat aliingia ndani na mfuko wake mwenyewe: sabuni yake, dawa yake ya mswaki, mafuta yake ya mikono, rangi yake ya mdomo. Kila kimoja alikwisha kukigeuza na kusoma maandishi ya nyuma, yale madogo ya kuumiza macho. Mpambaji alipopita na rangi ya mdomo nyekundu iliyochaguliwa na ukweni, Khairat aliisoma nayo kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba, kisha akairudisha.

"Hii siwezi. Ina mafuta ya ngano."

"Kwani unaila?" aliuliza Bi Mwatum.

"Naam, naila. Rangi ya mdomo inaliwa, Bi Mwatum. Unalamba midomo, unakunywa chai, unakula wali, yote inateremka. Ngozi yangu haina tabu, pakeni mnachotaka. Kinachoingia mdomoni ndio balaa. Ndio maana nakuuliza, na wewe unanilisha kwa mkono."

"Maua matupu," alisema Bi Mwatum. "Na ukiniuliza tena nnakwenda zangu Jang'ombe, atakusinga mama yako."

Bi Kazija alimwambia mwanawe akae kwa adabu. Khairat akakaa kwa adabu, akafunga macho, akafungua mdomo.

Na tangu siku hiyo anatapika.

*

Bi Muzdalifa aliingia alasiri hiyo hiyo, mkeka ukiwa bado majimaji. Hodi yake ilifika pamoja naye. Alikuwa shangazi wa Talib, bwana harusi, mwanamke wa Mkunazini aliyezoea nyumba zenye ua na kisima, na kila ngazi ya Michenzani aliyoipanda aliihesabu kuwa ni kosa la wenye nyumba. Alileta udi na chetezo. Alipofika chumbani alisita, akanusa. Asumini ilikuwapo, marashi yalikuwapo, na chini ya hayo ilikuwapo ile harufu nyengine.

"Shikamoo, shangazi," alisema Khairat.

"Marahaba. Mbona uso umekushuka?"

Khairat alifungua mdomo kujibu, akalivuta beseni. Hakikutoka kitu zaidi ya maji ya kijani, lakini sauti ilitosha.

Bi Muzdalifa alimngojea amalize. Kisha akamuuliza Bi Mwatum, si mama mtu wala mwenye kutapika:

"Tangu lini?"

Bi Kazija aliwahi kujibu. Alieleza yote aliyokuwa ameyaficha kwa wakwe tangu posa: chuo, kipimo, ngano. Alizungumza haraka, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuonekana ya kutungwa.

"Kwa hiyo kala mkate," alisema Bi Muzdalifa.

"Hasha. Ngano haijavuka mlango huu. Hata sisi wenyewe tunakula muhogo na mkate wa mchele. Sufuria mpya, mwiko mpya, kila kitu chake."

"Kumbe hajala ngano."

"Hata punje."

"Na anatapika." Bi Muzdalifa alikaa kitandani bila kukaribishwa, akapanga baibui yake juu ya magoti. "Basi si ngano."

 Mtego Bi Kazija aliutega mwenyewe, kwa usafi wake wa jikoni, na sasa mwanawe alikuwa amenasa ndani.

"Mie nimezaa," alisema Bi Muzdalifa. "Mwanamke anayerudisha wali mweupe, namjua anarudisha nini."

Khairat alijiinua kwa kiwiko. "Sema unachokusudia, shangazi."

"Nshasema. Duka la dawa liko hapo chini, kipimo hakina uzito. Apimwe sasa hivi, sote tulale."

"Sipimwi."

"Mwenye kujijua safi haogopi."

"Siogopi. Mkinipima leo mtanipima kila nikichelewa kurudi nyumbani. Talib namtaka, na yeye hilo analijua. Lakini kwenu siingii nimekaguliwa kama mbuzi wa sokoni."

Mama yake alimpiga kofi la bega, singo ikaruka vumbi. Bi Muzdalifa hakukasirika. Watu wa aina yake hawakasiriki wanapokuwa na nguvu. Hasira wanawaachia wenye kushindwa.

"Vyema. Kesho baada ya alasiri nnarudi na wifi zangu wawili. Neno lako silitaki, Bi Kazija, mama ni mama. Nnataka neno la somo. Yeye ndiye anayeuona mwili huu asubuhi na jioni. Akinambia mtoto safi, na akanambia anatapika nini, Talib ataoa. Akinambia safi halafu akose la kunambia, posa yetu tunaichukua, na tukiulizwa kwa nini, tutasema kwa nini."

Aliteremka ngazi polepole. Walimsikia mpaka chini akiwaamkia majirani mmoja mmoja, kwa jina, kwa upole.

*

Bi Mwatum alijua kuwa si mimba. Msichana alikuwa ametoka hedhini siku moja tu kabla ya kuwekwa ndani, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukoga josho lake. Lakini anatapika nini, hakujua, na kutojua kulimtia ghadhabu. Alimchukia Bi Muzdalifa kwa udi wake wa bei mbaya. Alimchukia Bi Kazija kwa kubabaika. Alimchukia na Khairat, kwa sababu angekubali kile kipimo mambo yangekwisha na kila mtu angerudi kwenye shughuli yake.

Magharibi ilipopita alimsinga kama kawaida.  Kisha Bi Kazija akaleta wali wa nazi, mtupu, hauna mchuzi wala kitoweo, kwenye sahani mpya. Bi Mwatum alichovya vidole kwenye bakuli la maji, akavikung'uta, akakata tonge.

Juu ya wali mweupe palikuwa na chembe ya rangi ya asali.

Alidhani ni pumba ya mpunga. Akaibandua kwa ukucha, na ukucha ukaacha nyengine. Akaugeuza mkono kwenye taa. Chini ya kila ukucha, kwenye mikunjo ya kila kidole, singo ilikuwa imekaa imara kama kawaida yake. Si bure ilisifiwa kwa kushika. Maji ya bakuli hayakuigusa.

Alizitambua chembe zile. Alikuwa amezitwanga mwenyewe.

Kwa sababu kile kitu kingine, kile ambacho bibi yake alimfundishia ndani ya mlango uliofungwa, kilikuwa ngano. Ngano nzima, ile ya kupikia bokoboko. Unailoweka kwenye marashi usiku kucha, unaianika kivulini, unaikaanga mpaka ibadilike rangi, unaitwanga na maua isiwe unga laini wala isiwe chenga kubwa. Kila alipopita kwa muuza nafaka Darajani aliinunua pamoja na choroko na dengu ili asitambuliwe. Na katika siku zote hizi, msichana akitaja ngano, mama yake akitaja ngano, Bi Mwatum hakuwa amedanganya ndani ya roho yake. Ngano ni kitu cha jikoni. Ikishakunywa marashi ikaingia kwenye kinu cha maua, si ngano tena. Ni singo, na singo haina uhusiano na tumbo la mtu.

Khairat alikuwa akingoja, macho amefumba, mdomo wazi.

Bi Mwatum alilirudisha tonge sahanini. Alikwenda kwenye karo, akasugua mikono kwa sabuni na brashi ya kufulia mpaka ngozi ikamwasha. Akarudi na sahani nyengine, kijiko, na kitambaa kibichi, akamfuta mwari midomo na kidevu kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Leo utakula kwa kijiko."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

 Khairat akala. Usiku ule beseni lilikaa kavu, na asubuhi aliomba chai.

*

Kutwa nzima Bi Mwatum alikuwa na njia ya kutokea, na aliigeuza kila upande. Angeweza kutwanga singo nyengine isiyo na ngano na kunyamaza. Msichana angepona. Angeweza kusema ni joto, ni jicho la watu, ni hofu ya ndoa. Maharusi wangapi wametapika kwa hofu. Na kama Bi Muzdalifa asingeridhika, basi aichukue posa yake, mtoto ana elimu, atapata mwengine. Ukweli ni kwamba Bi Mwatum hakumpenda msichana huyu hata kidogo. Alimwona mjuaji. Na hakuna kitu kinachomuudhi mtu kama mjuaji aliyeuliza swali la haki na wewe ukamfokea.

Upande wa pili, wa kusema kweli, kulikuwa na Nassra. Nassra angesikia kabla ya isha. Siri ya bibi yake Bi Mwatum ingekuwa ndani ya vikopo vya plastiki, na jina lake lingekuwa kwenye kila msiba na kila harusi, somo aliyemlisha mwari sumu kwa vidole vyake. Nani angemwita tena? Angekaa Jang'ombe akitazama miguu yake ikivimba. Aliwaza hayo huku akisaga liwa, na liwa ile hakuimaliza.

Walikuja watatu kama walivyoahidi, Bi Muzdalifa mbele na wifi zake nyuma, baibui zimepigwa pasi. Hawakuleta udi. Walikaa kitandani safu moja. Bi Kazija alisimama mlangoni, uso umemvimba kwa kulia, na Khairat alikuwa juu ya mkeka, amejifunika kanga mpaka mabegani, mgongo ameuegemeza ukutani. Hakumtazama mtu.

"Tumekuja kusikiliza," alisema Bi Muzdalifa.

"Mtoto safi," alisema Bi Mwatum. "Kawekwa ndani ametoka hedhini. Nimemshuhudia kwa macho yangu, na kwa hilo nakula kiapo popote mnapotaka."

"Nimekusikia. Anatapika nini?"

Bi Mwatum alikuwa ameandaa maneno ya kusingizia joto. Alikuwa nayo mdomoni kabisa. Wifi mmoja alimnong'oneza mwenzake, na mwenzake akacheka kwa pua, kicheko kidogo cha mtu aliyekwisha kuhukumu na sasa anangojea kwenda nyumbani. Khairat alikisikia kicheko kile. Hakulia. Aliivuta kanga ikamfika shingoni, akafunga mkono juu yake, na vifundo vya vidole vikaonekana.

Bi Mwatum alisonya. Alivuta kikapu chake, akatoa mfuko mdogo wa kitambaa aliokuwa hajawahi kuufungua mbele ya mtu, akaumimina kwenye sinia. Punje zilitawanyika na kugonga bati.

Bi Muzdalifa aliinama. "Hii si ngano ya bokoboko?"

"Ndiyo yenyewe."

"Inahusu nini?"

"Imo ndani ya singo yangu. Imo tangu kwa bibi yangu. Namsinga mtoto kwa mikono hii, halafu namlisha kwa mikono hii hii. Siku zote hizi mama yake anafukuza ngano mlangoni, na mie namtia mdomoni. Ni mie. Jana nimemlisha kwa kijiko, hajatapika. Muulizeni."

 Chini, kwenye barabara, mtu alikuwa akibishana na mwenzake juu ya maegesho ya gari, na maneno yao yote yalisikika.

"Hukuambiwa kuwa mtoto ni mgonjwa?" aliuliza wifi mmoja.

"Niliambiwa."

"Hukuulizwa kilichomo?"

"Niliulizwa."

"Ukasema nini?"

"Nikasema maua."

Bi Kazija alipiga hatua mbili ndani ya chumba, na kwa muda ilionekana kama atampiga. Badala yake alimwita mchawi, kwa sauti ya chini, mara mbili. Alisema mwanawe amevuliwa heshima mbele ya wakwe kwa ajili ya kiburi cha kikongwe. Alisema na mengine, ambayo mwanamke wa Michenzani huyasema mara moja tu maishani, na Bi Mwatum akayapokea yote akiwa amesimama, kwa sababu hakukuwa na hata moja la kulirudisha.

Bi Muzdalifa alikuwa akichezea punje moja baina ya vidole viwili.

"Nakuamini," alisema mwishowe. "Mtu hajichafui hivi kwa uongo. Hakuna somo ambaye angeliacha jina lake liliwe na mbwa kwa ajili ya mtoto wa watu." Aliirudisha punje kwenye sinia. "Nikaha iko pale pale. Bi Kazija, huyu somo mtoe. Nassra atakuja kesho kumalizia. Nitampelekea salamu mie mwenyewe."

Hakumwomba radhi Khairat. Alimnyoshea mkono ili aubusu, kama shangazi anavyonyosha, na mkono ukabaki hewani muda mrefu kuliko alivyozoea. Khairat aliutazama. Akaugusa kwa ncha za vidole, kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kusema kakataa wala kakubali, na wageni wakaondoka.

Bi Mwatum alianza kukusanya vitu vyake. Jiwe la liwa, chupa za marashi, chekeche. Punje za ngano alizifuta kutoka kwenye sinia kwa kiganja, zikamponyoka, akapiga magoti kuziokota sakafuni moja moja.

"Nilikuuliza," alisema Khairat nyuma yake.

"Uliniuliza."

"Ungesema tu, ningekwambia usitie. Ningenyamaza. Nisingemwambia mtu siri yako."

 Bi Mwatum aliokota punje nyengine.

"Acha hizo. Nikoshe."

"Mwari hakoshwi mpaka siku ya—"

"Nikoshe, Bi Mwatum. Nassra hajui ulipoipenyeza. Iko masikioni, iko puani, iko kwenye nywele. Wewe uliyenipaka ndiwe utakayeitoa."

Maji yalikuwa hayapandi ghorofani tangu asubuhi. Bi Mwatum aliteremka na ndoo, akapanda na ndoo, akapumzika kwenye kila kituo cha ngazi akishika ukuta, na majirani waliosikia yote kupitia madirishani walimpisha bila kumwamkia. Alipanda na ya pili, na ya tatu. Bi Kazija alimwangalia akipita na hakumpokea.

Bafuni Khairat alikaa juu ya kigoda, mgongo umempindika, mifupa yake yote inahesabika. Bi Mwatum alianzia vidoleni. Alisugua kucha kwa kijiti, moja moja, akasugua viwiko, kwapa, nyuma ya magoti. Singo ile ilikuwa kazi nzuri, lazima isemwe, na ilikuwa ikiondoka kwa shida. Ilishikamana na mwili mpaka aichokore. Manjano yalitiririka sakafuni na kuzunguka kwenye tundu la maji, yakiwa na vipande vya waridi ndani yake.  Aliosha nywele, akarudia. Aliingiza ncha ya kidole iliyofungwa kitambaa ndani ya kila sikio.

Mwisho akafika usoni. Alijaza kopo, akamwinua kidevu, na msichana akafumba macho na kuibana midomo kwa nguvu, mpaka ikawa mstari mmoja mweupe. Bi Mwatum alimwagia polepole, kuanzia kwenye paji, mkono wake mwengine ukifuta mashavu, pua, pembe za mdomo. Akajaza tena, akamwagia. Maji yaliyokuwa yakianguka kutoka kidevuni yalikuwa meupe sasa, hayana rangi wala harufu, na ndoo ya tatu ilikuwa imebaki nusu. Aliendelea kumwagia, akiitazama ile midomo, lakini haikufunguka.